Mtu wa Kanda ya Tisa

Muuguzi alinipaka spiriti begani kabla ya kunichoma sindano, na pamba yake haijakauka nilikuwa nimesharudi Khuwair ya Kusini, Maskati, nimekaa juu ya zulia la sebuleni, namtazama Bibi akisafisha kinywa cha redio. Kinywa ndilo jina alilokipa yeye kile kipande kidogo cha chuma ambacho kanda hupita mbele yake na kugeuka sauti. Alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akaichovya kwenye spiriti, akapangusa polepole kama anayemtoa mtoto mchanga tongo. Pamba ikitoka na weusi alinionyesha. "Umeona? Haya ndiyo yanayomfanya mtu asikike kama ana mafua."

"Umeumia?" muuguzi aliniuliza, maana nilikuwa nimefumba macho. Nilimwambia hapana. Hakuwa na nafasi ya kusikiliza yaliyobaki, foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo nimeyaleta hapa, kwenu mliokulia pamoja nami katika miaka ile ambayo sauti ya mtu ilikuwa kitu cha kushika mkononi, chenye upande wa kwanza na upande wa pili.

Sisi ni Waomani wa Tabora. Bibi alizaliwa kule, akaolewa kule, akazaa watoto wake wote kule, kisha familia ikahamia Maskati, mji ambao yeye hakuwahi kuuona, na watu wakasema tumerudi. Aliyebaki ni mdogo wake, Bi Zuwena. Mume wake alikuwa Mnyamwezi mwenye shamba, na yeye mwenyewe alisema hana anachokifuata ng'ambo. Mimi nilipotimiza miaka tisa, ndugu hao wawili walikuwa hawajaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwanzoni waliandikiana barua. Macho ya Bi Zuwena yalipoanza kuingia ukungu, wakahamia kwenye kanda.

Siku ya kurekodi ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Milango ilifungwa na AC ikazimwa. Bi Zuwena aliwahi kulalamika kwamba kila tukizungumza anasikia mvua nyuma yetu, anawatuma watoto waanue nguo, na watoto wanarudi wakimcheka. Tangu hapo, hata ikiwa Juni, hata jasho likidondoka puani, AC ilizimwa. Bibi alianza na bismillahi, akafuata na majina: salamu kwa fulani, kwa fulani na mkewe, kwa jirani wa kushoto, na kwa jirani wa kulia ingawa alikuwa na neno naye. Majina yalikula robo ya upande. Ndipo zikaja habari. Mwisho sote tulipita mbele ya redio mmoja mmoja. Sehemu yangu ilikuwa ileile kila mara: "Bi Zuwena, mimi Thuraiya, shikamoo, mzima, shule naenda." Halafu nilikimbilia nje kupumua.

Bibi hakuwa mtu wa kanda moja. Akipata msafiri alimpa mbili, tatu, na zilizokuja kutoka kwa Bi Zuwena hakuzifuta kamwe. Kwa hiyo kanda tupu zilikuwa hazitoshi nyumbani kwetu, mpaka siku ile Baba aliporudi na boksi.

Baba alikuwa fundi wa AC, karakana yake iko Wadi Kabir. Siku hiyo alikuwa amekwenda kung'oa AC katika nyumba ya mwalimu mmoja Mwingereza, mzee, aliyekuwa anahama baada ya kukaa Maskati miaka mingi.

"Mama, kanda hizo," Baba alisema. "Kumi na nne."

"Za nini?"

"Muziki wa kwao. Kasema nimpe mtu atakayezisikiliza."

"Basi tutazisikiliza," Bibi alisema, na tayari alikuwa anatafuta plasta.

Mtakumbuka kwamba kanda ilikuwa na meno mawili mgongoni, na mtu asiyetaka ifutwe aliyavunja. Yule mwalimu alikuwa ameyavunja yote, kanda baada ya kanda, meno ishirini na nane. Kila moja aliipa namba, na chini ya namba aliandika jina la mtu kwa wino wa buluu, mwandiko mdogo uliolala upande. Bibi alikata vipande vya plasta na kuziba mapengo yale hadi kanda zote zikawa tayari kupokea sauti mpya.

Lakini alikuwa na sharti lake. Kabla sijazaliwa, Bibi alirekodi kwa bahati mbaya habari za harusi ya jirani juu ya salamu za kaka yake, na kaka yake akafariki kabla hajazirudia. Tangu siku hiyo hakufuta kanda bila kuisikiliza yote. Ikiwa kuna mtu anasema, hata neno moja, hata Mzungu, ilikuwa inawekwa pembeni. Kazi ya kusikiliza akanipa mimi. "Masikio yako mapya," alisema. "Yangu yamejaa watu."

Hivyo nilikaa mbele ya redio na kanda ya kwanza, nikimngoja mtu.

Nataka mnielewe. Sikuwa nasikiliza muziki. Nilijua kanda ni barua. Sikujua aina nyingine. Na nilijua fidla, nilizisikia kwenye taarabu za harusini, ambako fidla hutangulia, zikafagia njia, ndipo mwimbaji akainuka. Kwa hiyo fidla zilipoanza nilikaa sawasawa. Mwenyewe anakuja. Fidla zikafagia. Zikafika mahali ambapo mtu yeyote mwenye adabu angeingia, zikanyamaza kidogo kumpisha, hakuingia, zikaanza tena kufagia, safari hii kwa huzuni, kama watu wa nyumba ambao mgeni wao amechelewa na chakula kinapoa.

"Kuna mtu?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Bado!"

Baada ya robo saa: "Kuna mtu?"

"Wanamwita. Hajafika."

"Nnataka ndiyo au la, mie. Zuwena hangoji ngonjera."

Upande uliisha, nikaigeuza kanda, nikasikiliza upande wa pili. Vyombo nisivyovijua viliingia, vingine vikitoa sauti kama ya mtu anayepuliza chai, vingine kama mlango mzito wa shaba. Hakuna aliyesema. "La," nilimwambia Bibi, na Alhamisi ile Bibi akaketi, akabonyeza vitufe viwili, akaanza na bismillahi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja zamu yangu ya shule naenda. Kanda ilikuwa inazunguka nyuma ya kile kidirisha cha plastiki, na kila jina alilolitaja Bibi niliona kinachoondoka. Jirani wa kushoto: zile fidla za mwanzo. Jirani wa kulia: pale ziliponyamaza kumpisha. Nilikuwa nimekuja kumngoja mtu mmoja, na kumbe muda wote alikuwa anasema, na mimi ndiye niliyetoa ushahidi kwamba hayupo.

Ya pili ilikwenda hivyo. Ya tatu hivyo. Kufikia ya nne nilikuwa nimeshaamua.

"Kuna mtu," nilimwambia Bibi.

"Anasema nini?"

"Sijui. Kizungu."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Mzee. Ana mafua."

Bibi aliiweka ile kanda pembeni. Ya tano nayo ilikuwa na mtu. Ya sita ilikuwa na mwanamke, na Bibi aliponiuliza kama naye ana mafua nilisema hana. Nilikuwa nazisikiliza mara mbili, mara tatu, nikiwa nimetoka shule na viatu bado mguuni. Nilipofika ya tisa niliisikiliza hadi chakula changu kikaganda, na Bibi alipouliza nilijibu kwamba humu wamo wengi.

"Mashallah," alisema. "Mzungu huyu kumbe kaishi na mji mzima. Hebu weka, nami niwasalimu."

Alishuka kwenye zulia, magoti yakalia, tasbihi mkononi. Nikabonyeza. Kanda ya tisa huanza na chombo kimoja tu, kizito, kinavuma chini kabisa kama mtu anayeguna na mdomo umefungwa. Huguna peke yake kwa muda mrefu ndipo wengine wakamsogelea, mmoja mmoja, na kila mmoja akisogea, yeye anaondoka kama anayehamia chumba kingine. Bibi alisikiliza upande mzima bila kunitazama. Niliona tasbihi imesimama.

"Hakuna mtu humu," alisema.

"Yumo, Bibi. Hajafungua mdomo tu."

"Nusu saa hajafungua mdomo?"

"Anaogopa."

"Anamwogopa nani?"

Bibi alivuta punje moja ya tasbihi, kisha akasema, "Huyu anatafuta kitu uvunguni mwa kitanda. Hakipati, na hataki kuwauliza aliokaa nao." Nimesoma vitabu vingi kuhusu muziki tangu siku ile, na bado sijakutana na maneno yaliyonifaa zaidi. Lakini Bibi hakuwa amemaliza. "Muongo we. Chagua moja uiweke. Zilizobaki nipe."

"Mbili."

"Moja."

"Mbili, Bibi."

"Thuraiya, mie nna mdogo wangu asiyeona. Moja."

Nilichagua ya tisa. Aliniahidi haitaguswa, na mimi nikaahidi sitaongopa tena, na kabla mwaka wa shule haujaisha zile nyingine zote kumi na tatu zilikuwa Tabora, zimejaa salamu. Nilizisikiliza kila moja kwa mara ya mwisho kabla haijaondoka. Nilijifunza kusikiliza kwa kujua kwamba hakuna kurudia.

Leo najua walikuwa akina nani. Nilipopata umri wa kutafuta mambo yangu mwenyewe niliyafuata yale majina ya wino wa buluu, niliyokuwa nimeyakariri, moja moja, kwenye maktaba, kwenye maduka ya kanda na baadaye ya diski, kwa wauzaji walioniomba niyarudie kwa sababu hawajapata kuyasikia. Walikuwa watunzi wa Uingereza wa karne iliyopita, watu wa miji ya mvua, ambao kazi zao zilipigwa mara moja au mbili, zikapigiwa makofi ya adabu, zikarudishwa kabatini. Watu walitaka sauti kali za wakati mpya. Wao walikuwa bado wana jambo la taratibu la kusema. Yule mwalimu alikuwa akiwavizia redioni kila alipokwenda kwao likizo, akawarekodi kabla hawajanyamazishwa tena. Rekodi zao sasa ninazo rafu nzima. Marafiki zangu wa vikao vya vitabu hunitania: Mswahili wa Maskati na wazee wa Kiingereza ambao hata Waingereza hawawajui! Nawajibu kwamba mimi niliwajua kabla sijajua kuwa ni Waingereza. Sitawataja hapa. Jina ukilipewa mapema unaacha kusikiliza.

Basi ikawa wiki moja ya joto, kanda ikafika kutoka kwa Bi Zuwena, na haikuwa na majina. Hata bismillahi aliisema kwa haraka. "Dada, mwanga umekwisha," alisema. "Asubuhi sasa naijua kwa jogoo. Usinihurumie, zungumza tu. Nikikaa kimya naisikia nyumba inakuwa kubwa." Kisha ikabaki sauti ya kanda ikizunguka bila mtu. Bibi aliirudia mara tatu. Alipanga kurekodi jibu Alhamisi ya wiki inayofuata, ili Mama Neema aende nalo.

Mama Neema alifanya kazi katika nyumba iliyo nyuma yetu. Alikuwa Mkristo wa Tabora, mwenye kicheko cha kufungua madirisha, na kila likizo alibeba kanda za Bibi kwenye mkoba wake, hakuziweka kwenye sanduku. Ijumaa ile, adhana imeshatoka, wanaume wako msikitini, mtaa mzima maduka yamefungwa, aliingia bila kubisha.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Madam kabadilisha tiketi, jamani! Ndege leo saa kumi. Saa nane kasoro robo natakiwa niwe garini. Hiyo barua yako ipo?"

"Haipo."

"Khalas, basi nitamsalimia kwa mdomo."

"Kwa mdomo!" Bibi alisema, kama aliyeambiwa ampelekee mdogo wake biriani mfukoni. Alifungua droo. Akafungua nyingine. Kanda zilizokuwamo zote zilikuwa za Bi Zuwena mwenyewe. Mwingine wa kwenda Tabora hatukumjua, labda baada ya Ramadhani, labda baada ya Hija.

Mimi sikungoja aniangalie. Nilikuwa nimeshafika chumbani, nimeitia kanda ya tisa ndani ya foronya na kuikalia.

Bibi alikuja akasimama mlangoni. Kisha akaingia, akakaa kitandani kando yangu, na godoro likatuelemeza sote wawili upande mmoja.

"Unaikalia?"

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Basi."

"Basi," alisema. Kutoka sebuleni Mama Neema aliita, "Bibi, muda huo!"

"Nikuulize," Bibi alisema. "Ulipokuwa ukikaa pale mbele ya redio, unangoja mtu aseme, ulingoja kanda ngapi?"

"Zote."

"Hukuchoka?"

"Sikuchoka."

"Zuwena naye anangoja mtu aseme. Ila yeye yuko gizani, na amechoka." Aliweka mkono juu ya mto, hakuuvuta. "Mie sikunyang'anyi. Mzungu kasema apewe atakayesikiliza, na aliyesikiliza ni wewe. Ukisema la, nnatoka nnamwambia Mama Neema aende zake."

Nilimjua Bibi. Alikuwa anamaanisha, na hapo ndipo nilipoumia. Angeninyang'anya ningepiga kelele, ningemchukia, na mambo yangekuwa mepesi. Sasa ile kanda ilikuwa yangu kweli, na lile neno la nyumba kuwa kubwa lilikuwa limekaa pamoja nasi kitandani. Nililia kidogo kwa hasira. Nilipomaliza nilikuwa nimeshajua ninachotaka.

"Upande mmoja," nilisema.

"Upande mmoja."

"Wa pili usiguswe. Na ausikilize wote, mpaka mwisho kabisa, asizime."

"Hatazima."

"Na upande tutakaoufuta, aambiwe kilichokuwemo. Hawezi kuanzia katikati."

Bibi alinitazama. "Hilo litasemwa na nani? Mie nilichokiona ni uvungu wa kitanda tu."

Nikaitoa kanda ndani ya foronya.

"Utalisema mwenyewe," alisema, akainuka. "Upi tunaufuta?"

Nilichagua wa kwanza. Niliona kwamba mwanzo unaweza kusimuliwa, lakini mwisho lazima mtu ausikie kwa masikio yake. Ni uamuzi wa mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na kamasi puani, na sijapata sababu ya kuubadilisha.

AC ikazimwa. Mama Neema akasimama ukutani na mkoba wake begani, akitazama saa. Bibi alibonyeza vitufe viwili na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia anaruka majina. "Zuwena, mimi hapa," alisema. "Nyumba ikiwa kubwa, gombana na kuku. Imba. Mkemee mtu hata kama hayupo. Mie ndivyo nnavyofanya huku, unadhani nimezoea?" Alisema kwa dakika kumi, si zaidi, mambo ambayo sikuwa nimewahi kumsikia akiyasema kwenye kanda, kwamba miaka ya kwanza Maskati alikuwa akiamka anatafuta mlango upande usio na mlango, na kwamba hajamwambia mtu. Kisha akasema, "Kuna mtoto ana neno na wewe," akanisogeza kwa bega.

"Bi Zuwena, mimi Thuraiya, shikamoo, mzima, shule naenda," nilisema, na hapo akiba yangu ikaisha. Kanda ilizunguka. Bibi alinionyesha kwa kidole: endelea. Mama Neema alikohoa.

"Kanda hii ilikuwa na mtu," nikaanza. "Hasemi. Anaguna. Mwanzo yuko peke yake. Ni kama mtu ameingia katika nyumba ambayo watu wake wamehama, anapita chumba hadi chumba, anagusa kuta. Bibi anasema anatafuta kitu uvunguni. Kila chumba anachoingia kuna sauti zimebaki, kama za watu waliokuwa wakila pale, lakini akifika zinahamia chumba kingine. Halafu kuna mahali anapandisha ngazi..."

Bibi aligeuza uso akatazama dirishani. Niliendelea. Nilisimulia ngazi, nilisimulia pale vyombo vya shaba vinapofungua mlango na mwanga unamwagika, na anavyosimama mlangoni asitoke. Niligundua kwamba nikisema polepole nasikia tena. Nilikuwa na hofu ya kuacha kitu, kwa sababu nikikiacha hakitakuwepo popote. Jasho lilinidondoka kwenye mikono na sikujifuta. Nilikuwa katikati ya sentensi, yule mtu amefika dirisha la mwisho, kitufe kiliporuka chenyewe. Upande umekwisha.

Mama Neema alikuwa ameshusha mkoba. "Ikawaje sasa?" aliuliza.

"Iko upande wa pili," nilimwambia.

"We mtoto!" Akaichukua kanda, akaitia mkobani katikati ya nguo za mwanawe, akatazama saa, akapiga ukelele na kukimbia.

Jibu lilichukua zaidi ya miezi miwili. Lililetwa na mwanafunzi aliyekuja kwa masomo, na Bibi hakungoja hata kumpa chai. Bi Zuwena alianza na bismillahi, halafu majina: sote, mmoja mmoja, majirani, wake wa majirani. Bibi alitikisa kichwa kwa kila jina na uso wake ukafunguka. Robo nzima ya upande. Halafu ile sauti ya Tabora ikasema, "Sasa yuko wapi huyo mwenye maneno? Msogezeni."

Nikasogea.

"Thuraiya, nimekusikiliza. Na upande wa pili nimeusikiliza, mara nne, watoto wamenichoka. Umesema vizuri, Mungu akukuze. Lakini umekosea." Akameza kitu, chai labda. "Umesema mtu yule ameingia nyumba ambayo watu wamehama. Mtu anayemaliza vile hakuingia, mwanangu. Alikuwemo. Waliotoka ni wengine. Yeye anapita vyumbani kwa sababu ni kwake. Na hatafuti kitu uvunguni, mwambie dada yangu. Anahesabu milango asijikwae. Kaa chini unisimulie tena, na safari hii usiniletee mgeni."

Bibi alisimamisha kanda.

"Kasema kweli," alisema. "Tuliotoka ni sisi."

"Hajausikia upande wa kwanza!" nilisema. "Atajuaje?"

"Mjibu."

"Mimi ndiye niliyeusikia!"

"Mjibu, nakwambia."

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilikula nimenuna, nililala nimenuna, nikiupiga mwanzo ule kichwani kutoka mguno wa kwanza hadi dirishani, kutafuta mahali ambapo yule mtu anafungua mlango wa nje na kuingia. Sikupaona. Siku ya tatu, nikiwa bado na hasira, nilimwomba Bibi kanda mpya, nikaivua karatasi yake ya nailoni, nikabonyeza vitufe viwili.

"Bi Zuwena," nilisema, "alikuwemo ndani ya nyumba."